Ngome ya Mgeni

Lubowa ana taji la boksi la sabuni,
amelipaka manjano tangu Alhamisi,
na upanga wake ni rula.
Tumemwahidi ngome. Na ngome, kwa kitabu chake cha darasa la nne,
ni minara minne, bendera, daraja la minyororo
na farasi anayekojoa uani.
(Farasi kukojoa kaliongeza mwenyewe.)

Tulitoka Masaka gizani,
gari la shemeji, mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba ya katani,
mayai kumi na mawili ya kuchemsha kwenye kopo la rangi,
Nassuuna dirishani akihesabu ng'ombe:
alifika mia mbili na tisa, akatapika.
Sembabule tukanunua maji. Ntusi tukauliza njia.
Muuza vocha akatuonyesha kwa mdomo, upande wa Katonga:
"Nendeni mpaka barabara ichoke."

Barabara ikachoka.

Nyasi za kiunoni. Kibao kilicholiwa na kutu.
Mlinzi kijana, Katureebe, akafunga zipu ya koti lake
kama anayepokea mabalozi:
"Karibuni. Mmeshaingia."
Lubowa akajizungusha mzima mzima
kama mtu aliyeibiwa baiskeli.
"Iko wapi?"
"Umesimama juu yake."
"Na minara?"
"Hakuna minara, bwana mdogo. Kuna shimo."

Na shimo lilikuwepo. Handaki, tuseme ukweli,
linaloteremka kina cha watu wawili mmoja kichwani mwa mwenzake,
likapinda, likapotea kwenye miiba, likazuka ng'ambo,
maili na maili, likitafuta mto.
Limekatwa udongo, halafu likakatwa mwamba.
Wengine husema ni Wachwezi,
waliokuja wakaondoka bila kuaga.
Katureebe anasema ni mikono. Anaitazama yake.

"Bigo bya Mugenyi," Nassuuna anasoma kutu.
"Mama, mugenyi si ndiye mgeni, kwa Kiswahili chako?"
Ndiye. Kiswahili changu cha kambini,
urithi pekee wa sajini aliyenizaa,
pamoja na methali zake, zote za amri:
mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.
"Huyu alipewa mangapi?" akauliza mume wangu,
akiinama kupima kina kwa macho ya fundi wa vyoo.

Nikateremka kwa makalio, gauni la Jumapili na yote.
Chini kuna baridi ya mtungini.
Nikaweka kiganja ukutani,
na harufu ile ikanikuta nina miaka sita:
nyuma ya kota, handaki la baba,
usiku tatu, ndoo moja, redio iliyozimwa,
na mkono wake juu ya kichwa changu, mzito,
ukinizuia nisiwe mrefu.

Kaweesa, mdogo wao, ambaye hajui hata kufunga viatu,
akachungulia kutoka juu:
"Mama, walimwogopa nani?"

Nilikuwa na jibu la kitabuni. Lilinikwama.
Nikasema, "Sijui. Nirushie maji."

Tulikula humo humo, mgongo kwa udongo.
Jua likapita juu yetu kama mtu asiyetaka kusalimia.
Lubowa alikataa kushuka. Alinuna kwa saa nzima,
kisha nikamwona ukingoni, taji limelegea kwa jasho,
rula imesimama wima.

"Nani huko?"

Tukatazamana. Mume wangu akameza.
"Wageni," akasema.

Mlinda ngome akafikiri sana.
"Mna majembe?"

"Tuna mayai."

"Mangapi?"

"Matatu. Moja limepasuka."

Akashusha rula.
"Basi kaeni," akasema, "mpaka kesho kutwa."